Bwawa Ambalo Halikupasuka

Kila asubuhi wanafunzi wa shule yetu ya Patan hupanga mistari uwanjani kusikiliza "Siku Kama ya Leo". Mwaka ule msomaji alikuwa Vaidehi Jagdale wa darasa la saba. Kazi yake ilikuwa kupekua kitabu kikubwa cha maktaba na kuchagua mambo yaliyotokea India tarehe hiyo. Rafiki yake Kadambari aliyaandika ubaoni, kisha Vaidehi akayasoma kwenye kipaza sauti.

Jioni ya tarehe kumi Desemba, Vaidehi alikuwa kwenye mazoezi ya mchezo wa kabadi. Kitabu hakukifungua. Asubuhi alifika akihema, maktaba bado imefungwa.

"Haya, nipe," alisema Kadambari, chaki mkononi. "Mwaka 1946?"

"Bunge la kutunga Katiba lilimchagua rais wake." Hilo alilikumbuka kutoka darasani.

"Moja tu? Ubao wote huu?"

Vaidehi alikuna kichwa. Aliwahi kuwasikia wakubwa wakitaja bwawa la Koyna, lililo mtoni juu ya mji wetu, na mwaka 1967, ila hakuwahi kusikiliza hadi mwisho. "Andika: mwaka 1967, bwawa la Koyna lilipasuka, maji yakafagia vijiji."

"Una hakika?"

"Wee andika tu, Kada! Kengele hiyo!"

Alipoisoma habari hiyo, minong'ono ilipita mistarini. Huko jikoni kitu cha bati kilianguka kwa kishindo. Bibi Anusaya, mpishi wa shule, akatoka mikono ikichuruzika maji.

"Nani kasema hivyo?" aliuliza. Aliutazama ubao, akarudi ndani.

Kufikia saa sita mambo yalikuwa yameharibika. Mtoto mmoja wa darasa la pili alisukuma sahani yake ya wali na dengu. "Kwetu ni chini ya bwawa," alilia. "Namtaka mama!" Wenzake wakamwitikia kwa vilio. Wazazi wawili wakafika getini kuuliza kuna nini.

Mwalimu mkuu, Bi Nimbalkar, aliwaita wasichana wote wawili ofisini.

"Ubaoni aliandika nani?"

"Mimi, Mwalimu," alisema Kadambari.

"Basi ulinakili vibaya. Kuanzia kesho chaki utamwachia mwingine."

Kadambari alimgeukia Vaidehi. Vaidehi aliangalia vidole vyake vya miguu.

Darasani hakutulia. Alifungua daftari akalifunga. Alichonga penseli hadi ikabaki kipande. Kadambari alikuwa amehamia dawati la nyuma.

"Kada, nisikilize..."

"Nikusikilize nini? Kule ofisini ulimi ulikuwa umemwazima nani?"

Wasichana wa madawati ya jirani walicheka. Vaidehi hakuweza kukaa tena. Aliomba ruhusa, akakimbia hadi ofisini na kusimama mlangoni.

"Mwalimu, Kadambari hana kosa. Nilitunga mimi. Kitabu sikukifungua."

Bi Nimbalkar aliweka kalamu chini. "Nimekusikia. Lakini yuko mwingine anayestahili kuambiwa. Nenda jikoni."

Bibi Anusaya alikuwa akisugua sufuria kubwa. Vaidehi alisema yote bila kuinua macho.

"Kaa hapo, mwanangu," alisema mpishi. "Nilikuwa na miaka saba. Alfajiri ardhi ilitutikisa kama mtu anayepepeta mchele. Ukuta wa mawe ukatuangukia. Bwawa lilipata nyufa, lakini lilisimama. Nyumba zetu ndizo zilizolala chini." Alijifuta uso kwa ncha ya sari. "Dada yangu Sulochana alikuwa kando yangu. Leo nimesikia kwamba alikufa maji. Maji hayakumgusa kabisa."

Vaidehi alilia. Kisha akauliza, "Bibi, nikiisema upya, nimtaje?"

"Mtaje."

Kabla ya kengele ya kwenda nyumbani, mistari ilipangwa tena. Vaidehi alishika kipaza sauti.

"Asubuhi niliwadanganya," alisema. "Kadambari aliandika nilichomwambia. Bwawa halikupasuka. Siku kama ya leo, mwaka 1967, tetemeko la ardhi lilipiga Koyna, na karibu watu mia mbili walikufa. Mmoja wao alikuwa Sulochana, dada yake Bibi Anusaya."

Yule mtoto wa darasa la pili akapaza sauti, "Kwa hiyo bwawa letu lipo?"

"Lipo! Lilitengenezwa."

"Basi njaa inaniuma!"

Watu wakacheka, hata Bibi Anusaya, ambaye alimshika mtoto mkono akaenda kumpakulia.

Bi Nimbalkar alimrudishia Kadambari chaki mbele ya wote na kumwomba radhi. Kisha akamgeukia Vaidehi.

"Kwa wiki mbili hutasoma, utakaa maktaba ukijifunza kutafuta. Na nyote sikieni: kila tarehe iliyo kwenye kitabu kile ina watu wake, na wengine bado wanaishi nasi. Usichokijua, sema hukijui. Aibu yake ni ya dakika moja. Uongo huumiza hata wale ambao hukuwafikiria."

Kadambari alimsogelea Vaidehi. "Maktaba tutakwenda wote," alisema. "Lakini safari hii kitabu nitakifungua mimi."