Dirisha la Bi Tuohy

Usiponiamini, shauri yako. Nenda Dublin, kaskazini ya mto, ukajionee. Shule niliikimbia nina miaka kumi na miwili, lakini nyumba za matofali za enzi za akina Mfalme George nazijua kuliko waliozichora. Kadiri unavyopanda ghorofa, madirisha yanapungua urefu, ili jicho lidanganyike kwamba nyumba ni ndefu. Kila dirisha hupandishwa na kushushwa kwa kamba, na vyuma vya uzani vinaning'inia ndani ya fremu, usivione. Kata kamba, dirisha linageuka shoka.

Binamu yangu Fintan alikuwa fundi wa madirisha hayo. Mkewe, Dervla, alikuwa na mimba ya miezi minane, nao walilala chumba cha chini ya ardhi, kuta zikitoka maji. Mwenye nyumba akamwambia Fintan, "Yule bibi wa ghorofa ya juu akihama, vyumba vyake ni vyako."

Bi Tuohy, miaka themanini, hakuwa mtu wa kuhamishwa kwa maneno.

"Fintan mwanangu," alimcheka, "mimi hapa nitatolewa nimebebwa."

"Haya, bibi. Tutaona nani mbishi."

Jumatatu asubuhi Fintan akapanda na zana zake, eti kukagua madirisha. Akakata kamba zote mbili za dirisha la mbele, akalishikiza kwa kijiti. Alitaka limtishe tu. Ndivyo anavyosema.

Bi Tuohy alikutwa Jumatano. Amekufa kasimama. Dirisha lilikuwa limembana vidole vinane kizingitini, vidole gumba tu vimebaki nje.

Wiki iliyofuata wakahamia. Fintan akafunga kamba mpya.

Asubuhi ya kwanza, dirisha likapanda lenyewe. Unene wa kidole. Likatulia.

"Umelifungua wewe?" Dervla alinong'ona.

"Upepo huo."

"Upepo gani unaonyanyua dirisha, Fintan?"

Ndani ya fremu kitu kikagonga. Ko. Kikanyamaza. Ko.

Fintan akabandua kibao cha fremu, akaingiza mkono kutafuta chuma. Akapapasa. Akagusa kitu laini.

Kikamshika.

Alipouchomoa mkono, vidole vinne vilikuwa bapa kama karatasi.

Fundi asiye na vidole, nani atamtaka? Mwenye nyumba akawarudisha chini, kwenye maji yao, siku tatu kabla Dervla hajajifungua. Vyumba vya juu havina mtu mpaka leo. Kwenye kioo kuna alama za vidole vinane, upande wa nje, pasipo pa kusimama hata njiwa. Nilipanda ngazi nikazisugua mwenyewe. Kesho yake zilikuwepo, mbichi.

Mnacheka? Haya, kuna kipande nimekiruka. Jumatatu ile nilikuwa naziba mianya ya matofali nyumba ya ng'ambo ya barabara. Habari ya kamba Fintan alishaninong'oneza. Nikamwona bibi dirishani. Akaniita kupitia upenyo ulioachwa na vidole vyake vilivyobanwa: "Malachy! Malachy mwanangu!"

Nikampungia mkono, nikaenda kunywa chai.

Jumanne aliniita tena, sauti imekwisha. Nikampungia tena.