Maiti Kwenye Bakuli la Njano

Gisa alikutwa amelala kifudifudi katikati ya maharagwe, uso wake umezama ndani ya bakuli la njano. Bakuli lilikuwa na maji ya sabuni, na juu yake walielea nyuki wadogo, nzi na kipepeo mmoja. Akina mama waliokuja kupalilia ukungu ulipoondoka ndio waliomwona. Waliacha majembe palepale wakakimbilia kituo cha polisi cha Ngungu.

Inspekta Déo alipofika, kesi ilikuwa imeshakatwa. Si na hakimu, jamani, na watu. Wote waliosimama kando ya shamba walikuwa na mdomo mmoja: muuaji ni yule mama wa nyuki.

Mama wa nyuki ndiye Valérie, mwanaikolojia aliyetumwa na chuo kikuu. Tangu mvua zianze alikuwa akitega mabakuli ya njano, ya bluu na meupe katika mashamba na malisho. Wadudu huyadhania maua, huingia, naye huwatambua aina kwa aina. Alitaka kujua ni wadudu gani wanaochavusha maharagwe, na wanaishi wapi pale shamba linapokutana na malisho ya ng'ombe. Haya, waeleze watu hayo uone! Mtu mzima atoke mjini, apande barabara mbovu kama ile, aje kuhesabu nyuki? Wengine walisema anatafuta madini. Wengine walisema ni uchawi. Gisa ndiye aliyekuwa msaidizi wake, na sasa Gisa amekufa, uso ndani ya bakuli lake.

Déo naye, tusimsafishe bure, alimshuku. Chumbani kwa Valérie alikuta chupa za alkoholi, na nyingine yenye harufu ya kukata pua. Valérie alieleza kwamba ni dawa za kuua na kuhifadhi wadudu, lakini neno "kuua" halikumsaidia hata kidogo. Inspekta akamfungia kituoni. Nusu ya sababu ilikuwa shuku. Nusu nyingine ni vijana waliokuwa wameanza kuokota mawe.

Mkubwa wake alipiga simu akaagiza mshukiwa apelekwe Goma jioni ileile. Déo alijua maana yake. Valérie akishapanda gari lile, hakuna atakayerudi Ngungu kuuliza swali la pili, na mwanamke yule ataozea gerezani. Akimbakiza, vijana watauvunja mlango. Alikuwa na mchana mmoja tu wa kuupata ukweli.

Daktari wa kituo cha afya akaichunguza maiti. Hakukuta dalili ya sumu, wala maji mapafuni. Nyuma ya sikio la kushoto fuvu lilikuwa limepasuka.

"Pigo moja," daktari alisema. "Fimbo nzito. Alikufa jana, mbele ya kukuwa giza."

Déo akarudi eneo la tukio. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, lakini pale kifua cha Gisa kilipolala udongo ulikuwa mkavu. Basi alilazwa pale kabla ya mvua. Tena alilazwa, hakuanguka: visigino vyake vilikuwa vimechubuka kama vya mtu aliyeburutwa. Déo akapanda hadi kwenye ukanda wa vichaka vya maua unaotenganisha maharagwe na malisho. Valérie alikuwa amewaomba watu wasiukate. Nusu yake ilikuwa imefyekwa, na majani yalikuwa bado hayajanyauka.

Ni nani aliyechukia maua kiasi hicho?

Akaenda kwenye msiba. Ladislas, kaka mkubwa wa marehemu na mwenye ng'ombe wote wa kilima kile, alikuwa amekaa kwenye kigoda akilia. Machozi yalikuwa ya kweli, na Déo, aliyeona machozi mengi ya uongo kazini, aliona haya kumuuliza. Ladislas alimwambia tu kwamba mama wa nyuki amemmaliza mdogo wake, na serikali ifanye kazi yake.

Déo alikuwa mtu wa Mpofi, mtoto wa msitu. Kwao ni ndizi na mawindo. Ng'ombe hakuwazoea, na kusema kweli aliwaogopa. Ndiyo maana alilisikia dume likiunguruma kabla ya mtu mwingine yeyote kulijali. Lilikuwa limefungwa peke yake bondeni, mbali kabisa na kundi. Akamuuliza Umulisa, mjane wa marehemu, kama lina ugonjwa.

Hapana, Umulisa akamjibu, ni desturi ya wafugaji. Nyumba ikifiwa, dume hutengwa na majike mpaka matanga yaishe, ili ng'ombe wasipandane wakati watu wanalia. Padri anawagombeza kila mwaka, lakini Papa Ladislas haachi. Atakuwa amelitenga walipoleta mwili.

Claudette, anayenunua maziwa pale kila asubuhi kwenda kuyauza sokoni, alikuwa akikoroga uji jikoni. Akadakia kwamba hapana, yeye alilikuta limeshatengwa alfajiri, wakati wa kukamua. Alimuuliza Ladislas kuna nini, naye akampimia maziwa tu.

Déo akamgeukia. "Ulisikia lini kama Gisa amekufa?"

"Nilikuwa nimeshafika ku soko njo nikasikia," Claudette akasema.

Kijiko chake kikasimama ndani ya sufuria.

Déo akamwita Ladislas nyuma ya nyumba.

"Papa Ladislas, dume iko fasi gani?"

"Kule chini."

"Nani aliitenga?"

"Miye."

"Mbele ya kukamua ao kisha?"

Ladislas akageuka aondoke. Déo akamzibia njia.

"Ile saa ulikuwa unalilia nani, Papa? Gisa alikuwa hajaonekana."

Mzee yule akaangalia bondeni, dume linakoita, kisha akanyoosha mikono yote miwili kwa pingu kabla hajaambiwa.

"Polisi naweza kuidanganya," alisema. "Na hawa batu wote. Lakini Gisa ni mutoto ya mama yangu. Ngombe ingepanda ingine, na ndugu yangu iko inje mu mvua? Hapana. Ile sikuweza."

Déo akampeleka kituoni, akamtoa Valérie selo, akawakalisha wote wawili, kwa sababu aliona mama yule ana haki ya kusikia. Ladislas alieleza bila kuvutwa ulimi. Alishika panga akaenda kufyeka maua yale, Gisa akaja mbio kumzuia, akamshika mkono. Ladislas akampiga kwa fimbo yake ya machungani. Mara moja tu. Halafu akamburuta hadi kwenye bakuli, watu wamseme mgeni.

"Kwa sababu ya maua?" Déo akauliza.

"Kwa sababu ya udongo. Leo wanahesabu nyuki, kesho wanapima shamba, kisha unaambiwa maharagi njo inafaa hapa, toa ngombe zako. Fasi ya baba yako inakuwa ya wengine. Wewe hujasikia ile mu Masisi?"

Déo alikuwa ameisikia. Hakuna asiyeisikia. Valérie alikuwa amejifunika uso kwa viganja.

"Papa," alisema, "nyuki wa maharagi hawalale mu maharagi. Wanachimba nyumba mu malisho yako, fasi ngombe zinakanyaga mpaka majani inaisha. Ngombe zikitoka, nyuki wanaisha, maharagi inakufa. Njo ile nilikuwa naenda kuandika. Ngombe zibakie."

Ladislas alimtazama kana kwamba hajamwona siku zote zile.

"Gisa alijua?"

"Nilimuambia jana. Alifurahi sana. Alisema nisiseme kwa muntu, anataka kukuambia yeye mwenyewe."

Wale vijana wa mawe walisikika nje, bado wanamtaka Valérie. Déo akainuka kwenda kuwaambia, akafika mlangoni akasimama, maana Ladislas alikuwa ameanza kusema tena.

"Alikuya anakimbia," Ladislas alisema. "Alikuwa anacheka. Alisema, kaka, acha kwanza, nikuambie kitu. Niliona ananicheka miye."