Dubu wa Rosina

Kila asubuhi Dorli Zobrist alinoa patasi zake kabla ya kahawa. Baba yake, mzee Melk, alikaa dirishani akikata jibini. Mzee huyo alikuwa amechonga mbao hapo Brienz, mji wa Uswisi kando ya ziwa, kwa miaka sitini. Sasa mikono ilitetemeka, lakini ulimi ulikuwa mzima.

"Noa taratibu, binti yangu. Hiyo patasi, si panga."

"Na wewe kata taratibu, baba. Hiyo jibini, si gogo."

Wakacheka. Lakini asubuhi ile walikuwa na jambo zito. Dubu wa mbao aliyesimama mlangoni mwa shule alikuwa ameliwa na wadudu. Kamati ya shule ilimpa Dorli kazi ya kuchonga mwingine, afanane naye kabisa. Kibao cha kubandika kilikuwa kimeshaandikwa: "Mchongaji wa kwanza hajulikani."

Melk alipoyaona maneno hayo, uso ulimwiva.

"Hajulikani na nani? Dubu yule alichongwa na mama yangu, Rosina! Nilimwona kwa macho yangu!"

"Wanasema karakana alikochongwa ilikuwa ya wanaume watupu, baba. Wanataka ushahidi."

Ili dubu mpya afanane na yule wa kale, Dorli aliazima kifaa cha kupimia maumbo. Kifaa kilimulika dubu na kuandika nukta kwenye kompyuta. Kila nukta ilisema: hapa pana mbao. Dorli alikipitisha kwa mwendo mmoja, tangu miguuni hadi kichwani.

Kwa mbali picha ilikuwa nzuri. Alipoisogeza karibu, dubu akageuka vumbi, nukta hapa, tundu pale. Akaiamuru kompyuta iunganishe nukta zote na kuzilainisha. Manyoya yote yakapotea.

"Huyu si dubu," Melk akasema. "Hii ni sabuni iliyosahauliwa majini."

Dorli akamwita jirani yao, Kathi, ambaye kazi yake ilikuwa kutengeneza picha za kompyuta. Kathi akatazama, akatikisa kichwa.

"Nani alikuambia ulainishe?"

"Nilitaka kuziba matundu."

"Umeyaziba hata manyoya! Sikiliza, Dorli. Si lazima nukta ziunganishwe. Ila nukta tupu haitoshi. Iambie kompyuta mambo matatu. Nukta iko wapi. Inatazama upande gani. Ina upana gani. Hapo kila nukta inakuwa kisahani kidogo. Visahani vikipandiana kama magamba ya samaki, matundu yanafunikwa na umbo linabaki lilivyo."

"Huko kutazama kunasaidia nini?"

"Ukimulika picha, kisahani kinachouelekea mwanga kinang'aa. Kilichougeuzia mgongo kinaingia kivulini. Ndivyo jicho linavyojua hapa ni bonde, hapa ni kilima."

"Basi nipime nukta nyingi zaidi kila mahali?"

"Hapana, utaichosha kompyuta bure. Kwenye kitako kilicho bapa, weka nukta chache na pana. Usoni na kwenye manyoya, nyingi na ndogo. Kwani wewe unachonga kitako kwa patasi ya kuchongea kope?"

Dorli akaangua kicheko. Hilo alilielewa barabara.

Kesho yake alipima upya. Kitako alikipita haraka. Kwenye manyoya alikwenda polepole, akirudia kila pembe. Kathi akazigeuza nukta kuwa visahani. Kisha akaushusha mwanga wa picha hadi ukapita ubavuni mwa dubu. Manyoya yakasimama. Kila pigo la patasi likaonekana.

Dorli akayafuata mapigo hayo kwa kidole.

"Baba, njoo uone. Mapigo haya yamelalia upande mwingine. Mimi kwa mkono wangu wa kulia siwezi kupiga hivi."

Melk akainama hadi pua ikakaribia kioo.

"Mama alikuwa mashoto," akasema polepole. "Karakana nzima, yeye peke yake."

Nyumbani walikuwa na kijisanduku alichokichonga Rosina, chenye jina lake chini. Wakakipima vilevile. Mapigo yalilala namna ileile. Dorli akazipeleka picha zote mbili kwenye kamati. Mwenyekiti akazitazama kwa muda mrefu.

"Nimesoma shule hii," akasema. "Nilimpapasa dubu huyu kila siku, wala sikujua."

Kibao kikaandikwa upya.

Dorli alichonga kwa miezi mitatu, picha ikiwa mbele yake. Kwenye manyoya alihamishia patasi mkono wa kushoto, akajikata mara mbili.

"Bibi yako angekucheka," Melk akamtania.

"Acheke, mradi kazi aikubali."

Siku ya kumsimamisha dubu mpya, wanafunzi na wazazi walijaa uani. Melk alivaa koti lake la sherehe. Aliombwa asome kibao, akasoma kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya ziwa:

"Alichongwa na Rosina Zobrist. Alichongwa tena na mjukuu wake, Dorli."

Watu wakapiga makofi. Melk akasoma tena.

"Wamesikia, baba," Dorli akamnong'oneza.

"Najua," akajibu mzee, akanyoosha mgongo, akasoma mara ya tatu.