Viatu vya Heri Ukingoni mwa Kisima

“Kwani na huyo wa Edina naye mnamwandika?” Restituta aliwahi kumuuliza Dafrosa, wiki ile orodha ya mkoa ya watoto wenye usonji ilipofika Kasokola. “Hasemi, akiitwa haitiki. Mnamwandika wa nini?”

Dafrosa, mjane aliyekuwa mhudumu wa afya wa kijiji, alifungua orodha mbele ya jirani huyo wa Edina. Alimwandika Heri, miaka minane. Penye swali la asichovumilia, Edina alimtajia: viatu. Akivishwa analia mpaka anatapika. Baba: Sospeter, mvuvi, yuko Karema mwaka wa nne sasa. Namba yake ya simu nayo ikaandikwa.

Mwezi haukuisha. Jumanne, saa moja na nusu asubuhi, Restituta alikwenda kuchota maji akamkuta Heri anaelea kisimani. Ukingoni palikuwa na viatu vipya, vimepangwa pamoja.

Shingoni mwa mtoto kulikuwa na alama za vidole. Mwili ukalazwa mkekani nyumbani kwa Edina, viatu vikawekwa kando, na Sajenti Ndaki akaanza kuuliza.

“Restituta, ulimwita zezeta mbele za watu?”

“Nilimwita. Alinivunjia mayai kumi, tetea wangu anaatamia! Lakini kuua, Sajenti? Mimi na uzee huu?”

Saa tano Sospeter akaingia na begi mgongoni. Alisema ndiyo kwanza anashuka kwenye lori kutoka Karema. Alilia kwa sauti kubwa, kisha akamnyooshea mkewe kidole.

“Muulizeni huyu. Alishamchoka. Nyie hamuoni?”

“Kila asubuhi anakaa nyuma ya nyumba anapanga magunzi mpaka uji uive,” Edina alisema. “Nilimwacha hapo saa kumi na mbili. Uji ulipoiva sikumkuta.”

“Nani mwingine alimuona?”

“Hakuna.”

Ndaki akatoa pingu.

“Sajenti, subiri kidogo,” Dafrosa alisema.

Alifanya ishara ya msalaba, akapiga magoti, akafunua kitenge miguuni. “Nisamehe, mwanangu.” Akaweka kiatu kimoja kwenye wayo. Kisigino chote kilibaki nje.

“Heri havai viatu. Edina anajua, aliniandikisha mwenyewe. Restituta anajua, siku tulipomjaribishia vya shule mayowe yalimleta hapa kututukana.”

“Niliwatukana kweli,” Restituta alisema.

“Tena jana mvua imenyesha, njia nzima ni tope. Soli hizi safi. Vililetwa mkononi, na mtu anayemkumbuka Heri akiwa wa miaka minne.” Akageuka. “Baba Heri, mara ya mwisho ulimuona ana miaka mingapi?”

Sospeter alilibana begi kwapani. Ndaki alilivuta begi, akalifungua. Juu kabisa palikuwa na shati limekunjwakunjwa, mikono yote miwili imelowa mpaka kwenye mabega.

“Walinipigia simu kutoka mkoani,” Sospeter alisema mwishowe. “Nimekaa na wakwe zangu wa kule ziwani, simu iko kwenye spika. ‘Wewe ndiye baba wa Heri, mwenye usonji?’ Wote wamesikia. Mimi niliwaambia nilizaa mmoja tu, akafa. Wakasema binti yao hazai na ukoo wa mazezeta.”

“Kwa hiyo ukaja kuufanya uongo wako kweli,” Dafrosa alisema.

“Viatu nilinunua ili mseme alivua mwenyewe akaingia kucheza.” Aliutazama ule wayo uliokuwa wazi. “Sikujua amekua hivyo.”

Ndaki alimfunga pingu. Sospeter akainua kichwa.

“Namba yangu waliipata kwa nani?”

Dafrosa angeweza kunyamaza. Mungu alikuwa anamuona.

“Kwangu,” alisema. “Niliiandika mimi.”

Edina aliinuka. Alimtazama mumewe, kisha akamtazama Dafrosa, kwa jicho lile lile. Akaufunika mguu wa mwanawe, akaokota gunzi moja lililokuwa mlangoni, akatoka.