Gauni la Kwenda Mahakamani

Mama Fundi alikuwa na cherehani moja na dirisha moja. Aliiweka cherehani chini ya dirisha ili ashone kwa mwanga wa jua. Kando yake alikaa mama mkwe wake, Bibi, akifumua mishono ya nguo za kupunguzwa. Macho ya Bibi yalikuwa yamechoka, lakini vidole vilikuwa bado vizima.

Mama Fundi alikuwa mjane. Yeye na marehemu mumewe walinunua kiwanja, wakajenga nyumba ya vyumba vitatu. Mume alipofariki, shemeji yake mkubwa alidai kwamba kiwanja kilikuwa cha baba yao. Uongo mtupu! Mama Fundi alifungua kesi, lakini karatasi ya mauziano ilikuwa imepotea. Shahidi alibaki mmoja tu, naye ni Bibi, mama wa marehemu na mama wa huyo shemeji pia.

"Nitasema mbele ya hakimu," Bibi alisema. "Nimemzaa mimi, lakini hapo anaongopa."

Mama Fundi akamshonea gauni la buluu la kwenda mahakamani. Bibi alitaka mifuko miwili.

"Mmoja wa miwani," alisema, "na mwingine wa leso. Nikimwona mwanangu pale nitalia, najijua."

Wakili wao alikuwa kijana mwembamba. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la misumari na rangi. Joho lake la kwanza alishonewa na Mama Fundi. Aliandika maelezo ya Bibi, akamsomea neno kwa neno. Bibi akala kiapo na kuweka alama ya dole gumba.

Wakili huyo hakuwa na makuu. Aliwatetea wachuuzi waliofukuzwa sokoni na walinzi walioachishwa kazi bila sababu. Watu walimpenda, wakamsukuma agombee ubunge. Akagombea, akashinda.

Siku hiyo mtaa mzima ulicheza. Mama Fundi alicheza mpaka kiatu kikakatika.

"Kesi yangu imekwisha!" aliwaambia wenzake. "Wakili wangu sasa ni Mheshimiwa. Hakimu gani atamkatalia?"

Hapo ndipo alipokosea. Simcheki, maana wengi wetu tungekosea vilevile. Aliacha kwenda mahakamani, akatulia kwenye cherehani yake.

Bibi hakutulia. "Tarehe ya kesi ni lini?" aliuliza kila wiki.

"Pumzika, mama. Mheshimiwa anaishughulikia."

Miezi ikapita. Bibi akaanza kukohoa, kisha akashindwa kutoka kitandani. Gauni la buluu lilining'inia ukutani mbele yake.

"Sijaitwa tu?" aliuliza siku moja asubuhi.

"Bado, mama."

Jioni ya siku hiyo Bibi alifariki.

Wiki tatu baada ya mazishi, shemeji alikuja na futi ya kupimia. Akaanza kupima madirisha.

"Unapima nini, shemeji?"

"Nyumba yangu. Kesi yako imefutwa. Kwani hukujua?"

Mama Fundi alikimbilia nyumba ya jirani. Hapo aliishi mzee mstaafu aliyeitwa Karani. Alikuwa amefanya kazi miaka thelathini katika masjala ya mahakama, ofisi ya kutunzia majalada ya kesi.

"Mara ya mwisho ulikwenda mahakamani lini?" Karani alimuuliza.

"Kabla ya uchaguzi."

Karani alishika kichwa. "Dada yangu, kesi ni yako. Wakili anakusaidia kuibeba tu. Akiugua, akihama, akiwa mbunge, kesi inabaki yako. Lazima ujue tarehe zako mwenyewe."

"Lakini huyu ni mbunge!"

"Mbunge hamwamuru hakimu. Mbunge anatunga sheria, hakimu anaamua kesi. Twende masjala."

Huko walifunguliwa jalada. Kesi iliitwa mara mbili, na Mama Fundi hakuonekana. Karani alimwonyesha tarehe ya kwanza. Mama Fundi aliitazama, akahesabu kwa vidole. Siku hiyo Bibi alikuwa mzima. Alikuwa amekaa dirishani anafumua mishono. Mama Fundi alilia palepale mbele ya watu.

"Sikiliza," Karani alisema taratibu. "Imefutwa kwa sababu hukufika. Hakuna aliyesema huna haki. Unaweza kuomba irudishwe, lakini upesi, na uwe na sababu ya kweli."

Kesho yake Mama Fundi alipanga foleni katika ofisi ya mbunge. Zamu yake ilipofika, Mheshimiwa alisimama akitabasamu.

"Mama Fundi! Bibi hajambo?"

"Bibi amekufa. Na kesi imefutwa."

Mbunge alikaa chini.

"Nilifunga ofisi kwa haraka," alisema. "Majalada niliyatia kwenye masanduku. Nilitaka kuwaandikia wateja wote watafute mawakili wengine. Nikasema kesho, kesho. Barua ya tarehe yako ilinifikia. Sikukwambia."

"Basi mpigie hakimu simu!"

"Siwezi. Leo nikimpigia kwa ajili yako, kesho mkubwa mwingine atampigia kwa ajili ya shemeji yako. Utakimbilia wapi? Lakini naweza kuapa kwa maandishi kwamba kosa ni langu."

"Kiapo kitasomwa hadharani, Mheshimiwa. Watu watakusema."

"Na waseme."

Aliandika kiapo chake. Kisha akavua koti, akapekua masanduku mwenyewe mpaka akalipata jalada. Ndani yake mlikuwa na maelezo ya Bibi, pamoja na alama ya dole gumba.

Kesi ilirudishwa. Mama Fundi alipata wakili mpya katika ofisi ya msaada wa kisheria wa bure. Kila tarehe aliiandika ukutani kwa chaki ya kushonea, juu ya cherehani. Hakukosa hata moja.

Siku ya ushahidi alikwenda na gauni la buluu, amelikunja mapajani. Mbunge alikaa benchi la nyuma, bila joho, kama mtu mwingine yeyote. Hakimu alisikiliza pande zote mbili, akakubali maelezo ya marehemu Bibi yapokelewe. Akayasoma kwa sauti.

"Kiwanja walinunua mwanangu mdogo na mkewe. Nilikuwapo. Wakati wa kujenga nilibeba maji ya kuchanganyia saruji. Mwanangu mkubwa anajua, kwa sababu yeye ndiye aliyewashikia ngazi."

Shemeji aliinamisha kichwa. Mabega yake yalitikisika. Mama Fundi aliingiza mkono katika mfuko wa gauni. Leso ilikuwamo, imekunjwa vizuri. Bibi aliiweka mwenyewe.

"Umeitwa, mama," alinong'ona.

Hukumu ilipotolewa, nyumba ilibaki ya Mama Fundi. Lakini kiti cha kando ya dirisha hakikaliwi tena, na gauni limerudi ukutani. Mteja akija na nguo ya kupunguzwa, akaanza kueleza kesi yake, Mama Fundi husimamisha cherehani.

"Tarehe yako ni lini?"

"Sijui. Wakili anajua."

"Basi nenda masjala leo, kabla hawajafunga. Nguo utaikuta hapahapa."