Boti ya Mwisho Bandani

Haya yalimpata rafiki yangu Eino Lahti, fundi wa boti hapa kwetu kaskazini mwa Minnesota.

Ilikuwa Oktoba, mchana. Eino alikuwa peke yake kwenye banda la bati lisilo na dirisha, akimwaga oili ya gia kutoka kwenye mguu wa injini ya boti ya mwisho, maana maji yakibaki humo huganda na kuupasua. Ghafla upepo ukaubamiza mlango, taa zikazimika. Akapapasa gizani hadi mlangoni, akasukuma kwa bega. Haukutikisika. Simu aliiacha garini.

Akagonga bati kwa spana, akaita mpaka sauti ikamkauka. Aliponyamaza, akasikia pangaboi la boti likizunguka nyuma yake taratibu, tik, tik, kama mtu analisukuma kwa kidole. Betri ya boti alishaitoa asubuhi. Eino akaegemeza mgongo mlangoni, akakaa hivyo saa nzima, hathubutu hata kukohoa.

Mkewe, Carol, ndiye aliyeufungua, kwa mkono mmoja tu. Eino nusura amwangukie.

"Ulikuwa wapi wewe? Nimekaribia kufa humu!"

"Usinifokee, mzee. Kahawa niliyokuletea imeshapoa." Carol akachungulia gizani. "Na mwenzako je, hatoki?"

"Mwenzangu yupi?"

"Eino, acha mzaha. Nusu saa iliyopita nimegonga mlango huuhuu, ukanijibu mwenyewe: 'Kasubiri garini, bado hatujamaliza.'"