Mstari Mwekundu Chini ya Jina la Papa

Siku ya kwanza kompyuta haikumkosoa Falone hata mara moja, na hapo ndipo watu wenye akili wangeshtuka. Lakini Bunia ya mwaka ule, mashariki mwa Kongo, nani alikuwa na muda wa kushtukia kitu kidogo? Vita vilikuwa vimetupa mambo makubwa ya kutuamsha usingizini.

Falone alikuwa na miaka kumi na minne. Tangu azaliwe mikono yake ilitetemeka, na ulimi wake ulikuwa mzito hata mama yake, Françoise, alikuwa akibahatisha nusu ya anachosema. Majirani walimwona hana akili. Akili alikuwa nayo, tena ya kuwagawia majirani hao na ikabaki. Alichokosa ni njia ya kuitoa.

Basi baba yake, Xavier, dereva wa pikipiki ya abiria, akaja jioni moja na kompyuta nyeusi ya kukunja. Ndani yake mlikuwa na programu ya kuwasaidia wenye mikono migumu kuandika. Unabonyeza herufi mbili, yenyewe inakupangia maneno matano chini ya kioo, unachagua moja. Ukikosea neno, mstari mwekundu unajichora chini yake, na ukigusa kitufe unaletewa maneno matano mengine uchague lililo sawa. Ukimaliza, sauti ya mwanamume inakusomea ulichoandika, kwa lafudhi ya Kifaransa cha puani hata kama umeandika Kiswahili.

"Niliuza nini, niliiba nini, musiniulize," Xavier alisema akicheka. "Nilinunua ku soko. Bei ya vita."

Sentensi ya kwanza ya Falone ilimchukua dakika kumi: *Mama, mimi haiko mujinga.* Ile sauti ikaisoma. Françoise alilia mpaka sombe, yale majani ya muhogo, ikaungua jikoni, na siku hiyo hakuna aliyelalamikia chakula.

Aliyekuna kichwa alikuwa Fabrice, mwenye kibanda cha kuchaji simu na kuchapa barua, ambaye alikuwa akija kumwelekeza Falone.

"Mama Falone, hii programu iko ya Kifaransa," alisema. "Kiswahili yote ingepigwa mustari. Alafu ona: sombe, maharagi, hata jina ya muji Nyankunde, yote inapita. Kuna mutu aliifundisha."

"Kufundisha mashini? Namna gani?"

"Kama inapiga neno yako mustari na weye unajua neno iko muzuri, unaiambia: weka mu liste. Haitakusumbua tena juu ya ile neno. Huyu mutu alifanya vile neno kwa neno, maelfu. Alikuwa na roho ya kuvumilia, huyu."

Françoise alitaka kuuliza mtu huyo yuko wapi sasa. Hakuuliza. Mei ya mwaka uliopita, mji ulipopinduka na watu wakakimbia, nusu ya Bunia ilikuwa imeingia katika nyumba za nusu nyingine. Waliobeba viti, mabati na masufuria hawakusema wameiba. Walisema wameokota. Mtu akikuambia amenunua sokoni, unamshukuru Mungu na unanyamaza. Françoise alinyamaza, kwa sababu mtoto wake alikuwa anasema.

Wiki ya tatu Falone aliamua kumwandikia baba yake barua: *Asante papa Xavier juu ulininunulia mashini.* Mstari mwekundu ukatokea chini ya neno *ulininunulia*. Akagusa kitufe apewe lililo sawa. Kwa kawaida yalikuja maneno matano tofauti. Safari hii yote matano yalikuwa neno moja: *ulichukua, ulichukua, ulichukua, ulichukua, ulichukua.*

Falone akafuta neno lake, akaliandika upya. Mstari ukaondoka pale, ukahamia chini ya *Xavier*.

Alimwita baba yake kwa sauti yake nzito, akamwonyesha, akidhani ni jambo la kuchekesha. Xavier alitazama kioo. Kicheko kilimfutika usoni.

"Zima," alisema. "Zima hiyo kitu."

Kuanzia siku hiyo, kila saa sita mchana, jua likiwa utosini na kuku wakiwa wamelala kivulini, gurudumu lilisikika ndani ya nyumba. Lilikuwa dogo, kavu, halijapakwa mafuta muda mrefu. Kwi, kwi, kutoka chumbani mpaka sebuleni, kisha kimya, na baada yake harufu ya jasho na ya dawa ya vidonda. Françoise alifungua milango yote. Harufu ilikaa palepale.

"Kule Mongbwalu, Waislamu wa machimbo banaita hii jini," Fabrice alimnong'oneza. "Siye tunasema muzimu. Jina haina kazi. Muulize bwana yako."

"Bwana yangu halale tena, Fabrice. Nitamuuliza nini?"

Jumanne moja Françoise alikuwa uani na Falone wakichagua maharagwe, mama akitoa mawe na mtoto akihesabu kwa kichwa, ndipo aliposikia vitufe vya kompyuta vikibonyezwa sebuleni, polepole, kimoja kimoja, kama mtu anayeandika kwa kidole kimoja, na akainuka akidhani ni Fabrice ameingia kwa mlango wa mbele bila hodi, akapita jikoni, akafika mlangoni, na sebuleni hapakuwa na mtu, kompyuta ilikuwa juu ya meza imefunguka na kioo kinawaka, jina la mume wake limejaa kioo kizima kutoka juu mpaka chini, mstari baada ya mstari, na chini ya kila Xavier umechorwa mstari mwekundu, na alipoinua mkono aifunge ndipo akakumbuka kwamba betri yake walikuwa wameichomoa asubuhi, na ilikuwa kibandani kwa Fabrice ikichajiwa.

Hakupiga kelele. Aliifunga kwa kanga kama mtu anavyofunika maiti, akaenda kumwita Mama Vahwere.

Mama Vahwere alikuwa pasta wa kanisa dogo la mabati, mwanamke mnene asiyependa maneno mengi, na alikuwa ameshafukuza mapepo kwenye nyumba nyingi mtaani. Alikuja jioni, Xavier akiwepo. Aliweka mkono juu ya kompyuta akaanza kuomba, akakemea, akaamuru, na kadiri alivyokemea ndivyo gurudumu lilivyozunguka meza, kwi, kwi, likipita nyuma ya kila mmoja wao bila kuonekana, mpaka likasimama nyuma ya kiti cha Falone. Na mikono ya mtoto, ambayo haikuwahi kutulia tangu azaliwe, ikatulia juu ya vitufe, imara kabisa, na Françoise aliona utulivu ule akaogopa kuliko alivyoogopa jambo lingine lolote katika vita vile.

Mama Vahwere aliacha kuomba.

"La kuvunda halina ubani," alisema. "Siwezi kufukuza mwenye kitu mbele ya kitu yake. Papa Falone, hii mashini iko ya nani?"

"Nilinunua—"

"Iko ya nani?"

Xavier alikaa chini sakafuni. Mtu mzima, na pikipiki yake, na sifa zake zote.

"Ya Adolphe," alisema. "Mwalimu wa katekisimu, ng'ambo ya mto. Ule wa kiti ya magurudumu, mwenye ulimi muzito, alikuwa anasema na hii mashini. Kila dimanche nilikuwa namubeba ku pikipiki mpaka kanisa, ninamufunga na kitambaa ku mugongo. Ile Mei nilienda kuokota sawa batu bote. Nilimukuta chini, kiti ilimuangukia. Alikuwa muzima. Nikamuambia ninakuja. Nikabeba mashini kwanza."

"Ulirudi?" Françoise aliuliza.

"Masasi ya bunduki ilianza. Siku ya tatu nilirudi."

Hakuna aliyemuuliza alikuta nini siku ya tatu.

"Tuichome," Xavier alisema. "Leo, sasa."

Falone alitoa sauti ambayo haikuwa neno. Akaandika, na mikono ilikuwa imeanza kutetemeka tena, kwa hiyo walijua ni yeye: *Musichome. Bila hii nitarudia kunyamaza.* Hakuna mstari uliotokea chini ya neno lolote.

Françoise alimshika pasta mkono. "Mama Pasta, ukimufukuza huyu marehemu, mutoto wangu atabakia na nini? Na nikimuacha, atamukula mutoto wangu. Niambie nifanye nini."

"Adolphe ana mama," Mama Vahwere alisema. "Kitu inarudia kwa mwenyewe. Ule mama ndiye ataamua juu ya mashini na juu ya mutoto wako."

Asubuhi Xavier, Françoise na Falone walikwenda kwa pikipiki mpaka kambi ya wakimbizi wa ndani, karibu na uwanja wa ndege. Mama Léonie, mama yake Adolphe, alikuwa amekaa mbele ya turubai lake akimenya mihogo. Risasi zilianza akiwa sokoni siku ile ya Mei, hakuweza kuvuka mto kurudi kwa mwanawe, na tangu hapo alikuwa mtu wa kusubiri habari ambazo hakuna aliyezileta. Alipoiona kompyuta aliangusha kisu. Alipitisha vidole juu ya vitufe, akagusa vile vilivyolika kwa kazi ya mwanawe.

"Muliipata wapi?"

"Tuliokota, mama," Xavier alisema. Njia ya mwongo ni fupi, lakini mwongo huipita tena na tena.

Mama Léonie hakujua kusoma. Alijua tu kwamba ndani ya kitu kile mwanawe alikuwa akisema naye kila siku. Falone akaifungua, na mikono yake ikatulia. Mama Léonie aliuona utulivu ule, akajua ni wa mwanawe, akainama mpaka paji la uso wake likawa karibu na la mtoto.

"Adolphe," alisema kwa upole. "Mwana wangu. Nani alikuona mara ya mwisho?"

Falone alibonyeza herufi moja. Chini ya kioo yakajipanga maneno matano, na yote matano yalikuwa jina la baba yake. Ilibaki kuchagua moja tu na sauti ingesoma. Mtoto aliinua macho akamtazama Xavier. Kidole chake kilikuwa kinashuka na yeye anakivuta kirudi, kinashuka, anakivuta, jasho linamtiririka, na Françoise aliona kabisa kwamba kama kidole kile kikishinda, mwanawe hatakimiliki tena.

"Iko mimi, mama," Xavier alisema. "Iko mimi. Nilimuacha muzima."

Kambi nzima ilikuwa na kelele za asubuhi, watoto na masufuria. Mama Léonie alimgeukia Xavier.

"Alikuomba nini?" Mama Léonie aliuliza.

"Maji."

"Ulimupatia?"

Xavier alitikisa kichwa kukataa.

Mama Léonie aliinuka taratibu, akaenda kwenye bidoni yake ya maji, akajaza kikombe cha bati, akampa Falone. Mtoto ambaye maisha yake yote alinyweshwa na mama yake alikipokea kwa mikono miwili, bila kumwaga tone, akanywa. Akarudisha kikombe. Mama Léonie akajaza tena. Alikunywa cha pili, cha tatu, cha saba, anakunywa kwa pupa na macho yamefumbwa, na mama mzee anajaza, machozi yakimdondoka, mpaka bidoni ikalia tupu. Baada ya kikombe cha mwisho mikono ya Falone ilianza kutetemeka, kikombe kikaanguka, na ile harufu ya dawa ikaondoka na upepo.

"Mashini ibakie na mutoto," Mama Léonie alisema. "Mwenyewe amekwisha kunywa."

Kisha akaketi, akaokota kisu chake, akaendelea kumenya mihogo bila kumtazama Xavier. Jua lilikuwa limeanza kuwaka. Xavier alibaki amesimama palepale, koo limemkauka hata mate hayakupita, na hakuthubutu kuomba.